Kubandika tipu ya fimbo ya puli isiruke tena

Juzi usiku dogo mmoja wa mtaani alinigongea mlango, fimbo begani, tipu (kile kipande cha ngozi cha kwenye ncha kinachogusa mpira) kaishika mkononi. "Kaka, imeruka tena. Hizi supagluu za siku hizi ni feki tu." Nikamwambia alete fimbo, supagluu aiweke pembeni kwanza. Nimebandika tipu nyingi, zangu na za baa mbili tatu huku Mbagala, na ni chache mno zilizoruka kwa kosa la gundi. Kosa huwa pale gundi ilipowekwa. Naandika nilichomwonyesha, maana nimechoka kukirudia.

1. Pima

Pima kipenyo cha pete, ile plastiki nyeupe iliyo kwenye ncha ya fimbo. Fimbo za puli ya Kimarekani nyingi ni milimita 12 hadi 13, za snuka 9 hadi 10. Nunua tipu iliyo sawa na pete au kubwa kidogo. Inayozidi utaipunguza, iliyopungua basi tena.

Kama yako ni ya skrubu, pole. Hulegea katikati ya mchezo na kulia kama kifuniko cha sufuria. Zile za kuvalisha kama kofia usiniletee kabisa.

2. Chagua

Kuna za ngozi moja iliyogandamizwa na kuna za matabaka. Za ngozi moja, wengi tunazijua Elk Master, zile laini zenye rangi ya buluu. Bei yake inavumilika, ila ndani ya boksi moja hazilingani: nyingine laini, nyingine kama kisigino cha kiatu. Mimi huzibonyeza moja moja kwa ukucha kabla ya kulipa, muuzaji akinuna anune. Za matabaka, kama Kamui ya Japani, zinafanana kutoka moja hadi nyingine na hazitanuki ovyo, lakini bei ya moja inanunua rundo la zile nyingine. Kamui ni ngozi ya nguruwe. Kama hilo kwako ni tatizo, uliza kabla ya kununua.

Ugumu: chukua ya wastani. Utaambiwa laini ndiyo inayozungusha mpira. Tipu inagusa mpira kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kinachozungusha ni pale ulipopiga, na chaki iliyokuzuia usiteleze. Ukitoka katikati ya mpira zaidi ya nusu ya njia kwenda ukingoni, utateleza tu, hata tipu iwe ya dhahabu.

3. Toa ya zamani

Wembe. Kata juu kidogo ya pete, usikate pete.

4. Nyoosha uso wa pete

Hapa ndipo nilipopotezea Jumamosi nzima. Tipu ya kwanza iliruka kwenye pigo la kuvunja, lile la kufungulia mchezo, ya pili ikadumu michezo miwili, ya tatu niliing'oa mwenyewe kwa hasira. Nilibadilisha gundi mara mbili na kila safari nikakwangua uso kwa msasa nilioushika kwa vidole. Nilikuwa naharibu zaidi. Msasa wa mkononi hujikunja pembeni, unakula ukingo na kuacha katikati pamevimba kama kitumbua. Tipu inakalia kile kilima, gundi inashika katikati tu, pembeni kuna upenyo usiouona. Ukipiga mpira kwa chini mara kadhaa, imekwenda.

Fanya hivi. Kwangua gundi yote ya zamani kwa makali ya wembe uliosimama wima, hadi pete iwe nyeupe na isiyong'aa. Mabaki ya gundi yanafanana na plastiki, kwa hiyo tazama kwa mwanga wa kutoka pembeni. Kisha chora mistari ya penseli juu ya uso wote, mingi, imekatizana. Laza msasa namba 400 juu ya kioo (mimi natumia kipande cha dirisha lililovunjika, kingo nimezifunga tepu), simamisha fimbo wima na uizungushe polepole bila kukandamiza. Mizunguko mitatu tu, halafu tazama. Penseli iliyobaki ndiyo bonde, iliyofutika ndiyo kilima. Ya dogo ilifutika katikati, duara la ukubwa wa punje ya dengu, pembeni pote penseli imebaki. Akanyamaza.

Endelea hadi mistari yote ifutike pamoja, kisha acha hapo hapo. Kila unachosugua ni pete inayopungua, na pete hairudi. Fimbo ikilala upande hata kidogo, uso utakuwa bapa lakini wa mshazari. Kwa hiyo mwombe mtu asimame mbele yako akuangalizie wima wake, au tumia kipande cha mbao kilichotobolewa tundu lililonyooka. Dereli siitaki hapa, hata ya rafiki yako anayeapa kwamba ana mkono mtulivu.

Chini ya tipu nako sugua kwenye kioo kilekile hadi mng'ao uishe. Mwisho pangusa pande zote mbili kwa spiriti, acha zikauke, na usiziguse kwa kidole. Mafuta ya chipsi hayapatani na gundi.

5. Bandika

Supagluu ya jeli, si ya maji. Ya maji inanywewa na ngozi na kuigeuza jiwe, na inayobaki inachuruzika kwenye pete. Tone moja katikati, weka tipu, izungushe kidogo ienee, kandamiza dakika moja. Supagluu hukauka kwa unyevu wa hewa, na kwa joto letu hili la Dar ina haraka, kwa hiyo weka sawa mara moja. Halafu iache hadi kesho. Najua mechi ni leo. Azima fimbo.

6. Kata na uipe umbo

Zungushia pete tepu ya karatasi. Geuza fimbo, tipu ikae juu ya ubao, na ushushe wembe mpya kidogo kidogo ukifuata pete. Malizia kwa msasa namba 600. Lowesha ukingo kwa mate na uusugue kwa kipande cha mkanda wa ngozi hadi ung'ae.

Kwa mviringo wa juu, wengi hufuata sarafu za Marekani. Chukua rula, pima zako za mfukoni, utafute yenye kipenyo cha kati ya milimita 18 na 21. Ukiisimamisha nyuma ya tipu, mikunjo ifanane.

7. Matunzo

Chaki kila pigo, kwa kupaka, kama mtu anavyopaka wanja. Kuichimba chaki katikati hakusaidii kingo, na kingo ndizo zinazoteleza. Ya ubaoni usitumie. Chaki ya puli ya kisasa, iliyosajiliwa Marekani na Spinks na Hoskins mwaka 1897, si chokaa. Ina chembe kali za silika zinazong'ang'ania mpira. Ya ubaoni ni unga tu.

Tipu ikianza kung'aa, ichomechome kwa kitu chenye meno madogo badala ya kuisugua kwa msasa, maana msasa unakula ngozi. Ikitanuka kama uyoga, rudia kukata kama hatua ya 6.

Ikibaki unene wa sarafu, badilisha. Ukiendelea kupiga, pete itapasuka, na pete haibadilishwi kwa wembe na kioo. Itabidi umtafute fundi mwenye mashine ya kukereza, na bei atapanga yeye.