Somo: Kutafuta makala za utafiti kwa karatasi ya saikolojia

Mwanafunzi anayeandika swali lake zima kwenye Google na kuchukua matokeo matano ya mwanzo hurudi akisema mada yake haijafanyiwa utafiti. Mara nyingi umefanyika, ila kwa jina lingine. Tutumie mada ambayo haiishi hapa Mombasa: muguka na sonona (depression) kwa vijana.

1. Vunja mada. Hapa kuna vikundi vitatu: kinachotafunwa, tatizo la akili, na watu wenyewe.

2. Kila kikundi kipe visawe, kwa Kiingereza, maana makala nyingi ziko kwa lugha hiyo. Usiharakishe hapa. Visawe huunganishwa kwa OR, yaani "au".

khat OR miraa OR muguka OR qat OR "Catha edulis"
depress* OR anxiety OR "psychological distress"
student* OR adolescent* OR youth

Muguka ni jamii ya miraa, lakini mtafiti wa Yemen anaandika qat, na wa Ethiopia mara nyingine huandika chat. Hilo la mwisho usilitie: litakumwagia makala za watu wanaopiga soga mtandaoni. Alama za kunukuu hufunga maneno yakae pamoja. Nyota hukubali miisho yote, kwa hiyo depress* inaleta depression, depressed na depressive.

3. Anza na PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na afya, ni bure. Kila mstari uufunge kwenye mabano yake, kisha uunganishe mistari kwa AND, yaani "na". Bila mabano PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na hesabu yote inavurugika. PsycINFO, hifadhidata ya APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani), ndiyo hasa ya fani hii, ila hulipiwa. Muulize mkutubi kama chuo kinayo na kama unaweza kuingia ukiwa nyumbani. Kwa majarida ya Afrika, pita AJOL (African Journals Online). Google Scholar hufaa kufuatilia nani alimnukuu nani. Nyota haifanyi kazi huko.

4. Chuja. Soma ikisiri, kisha ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mbinu: sampuli ni akina nani, na sonona ilipimwa kwa kipimo gani? PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali 9 na alama 0 hadi 27. Mpaka unaotumika sana wa kumhesabu mtu kuwa na dalili za sonona ni alama 10. Makala mbili zenye mipaka tofauti huwezi kulinganisha asilimia zake hivi hivi. Tena, kama watu waliulizwa mara moja tu, usiandike kwamba muguka "unasababisha" sonona. Huenda mwenye sonona ndiye aliyekimbilia muguka. Wahadhiri hukata alama nyingi hapo.

5. Andika rejeleo papo hapo, pamoja na DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Kwa mtindo wa marejeleo wa APA toleo la 7, waandishi watatu na zaidi hutajwa ndani ya matini kwa jina la ukoo la mwandishi wa kwanza na "et al." tangu mara ya kwanza.

MASWALI

Swali (Kisauni): Maalim, makala imenitaka dola kadhaa. Nilipe?
Jibu: Usilipe kwanza. Bandika kichwa chake kwenye Google Scholar, tazama kiungo cha PDF upande wa kulia, kisha fungua matoleo yake mengine. Ukikosa, mpe mkutubi DOI. Njia nyingine ni kumwandikia mwandishi. Barua pepe yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Swali (Tudor): Nikiweka Mombasa, matokeo yanabaki kiganjani. Nibadili mada?
Jibu: La, dada. Ondoa mji, tafuta Kenya, kisha Ethiopia, Somalia na Yemen. Kwenye karatasi yako sema wazi utafiti umetoka wapi, na kwa nini huenda matokeo yakatofautiana hapa: huko hutafunwa miraa ya aina nyingine, na wanaotafuna huenda si wa rika moja na wako.

Swali (Likoni): Roboti ya maandishi imenipa marejeleo kumi mazuri. Niyatumie?
Jibu: Bandika kila DOI baada ya doi.org/ uone inafungua nini. Isipofunguka, au ikileta kichwa kingine, tafuta kichwa ulichopewa na roboti kwa Google Scholar. Nako kisipoonekana, kifute.