Nyumba ya kontena Tanga: kibali kwanza, kreni baadaye

Mimi ni fundi mchomeleaji hapa Tanga. Wengi hunipigia simu kontena likiwa limeshashushwa kiwanjani. Tafadhali, usianzie hapo.

1. Kibali. Nyumba ya kuishi inahitaji kibali cha ujenzi, iwe ya tofali au ya chuma. Pita serikali ya mtaa, kisha peleka Halmashauri ya Jiji hati ya kiwanja, ramani ya msanifu na michoro ya mhandisi. Msingi, shimo la choo na umbali kutoka mpakani vionekane wazi. Mteja wangu mmoja alitanguliza kontena. Asubuhi tukakuta X nyekundu ubavuni. Kulisogeza mita moja na nusu tu kulimgharimu kreni ya pili, na roho iliniuma kwa sababu pesa hiyo ndiyo ingeezeka paa.

2. Kuchagua. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na upana wa 2.44. Chukua lenye kimo cha mita 2.90, maana la kawaida lina 2.59 na silingi itakubana. Ingia ndani mchana, ufungiwe milango, usubiri macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Sakafu ya mbao ing'oe: nyingi zimetiwa dawa ya kuua wadudu.

3. Msingi. Uzito wote hukaa kwenye pembe nne. Mwaga nguzo za zege zenye nondo chini ya kila pembe, uliinue ili maji ya masika yapite na upepo ukaushe chini. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

4. Kukata. Fremu ya bomba la mraba ichomelewe kwanza, ndipo ukate dirisha. Ile mikunjo ya bati ndiyo nguvu ya ukuta. Ukiikata bila fremu, paa linabonyea na mlango unagoma. Palipokatwa piga rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

5. Joto. Hapa usibane matumizi. Saa saba mchana bati haligusiki kwa kiganja. Ezeka paa la pili juu, uache nafasi hewa ipite katikati, na lichomoze kufunika baraza. Madirisha yatazamane, moja lipokee kusi na jingine kaskazi. Ndani weka pamba ya kuzuia joto kabla ya jipsamu.

6. Umeme. Mwili mzima wa kontena uunganishwe na ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, fundi umeme aupime mbele yako kabla hujahamisha hata godoro.