Somo: Likizo Fuerteventura, anza na upepo

Ndugu zangu, nimekwenda Fuerteventura na familia mara tatu tukitokea Ujerumani. Safari ya kwanza tulirudi tumechoka kuliko tulivyokwenda, kwa sababu nyumba tuliichagua kwa picha. Kisiwa kile huchaguliwa kwa upepo.

Kwa asiyekijua: ni kisiwa cha Hispania, katika visiwa vya Kanari, ila kiko kama kilomita 100 tu kutoka pwani ya Moroko. Kilizaliwa na volkano zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na ndicho kikongwe kuliko visiwa vyote vya Kanari. Milima yake imelika ikabaki mabonge ya rangi ya kahawia. Mvua ni haba, jua ni la kila siku. Halafu ile michanga! Wengi hudhani mchanga mweupe wa Corralejo umepeperushwa kutoka Sahara. Sivyo. Mwingi ni makombe na viumbe vya baharini vilivyosagika.

Hatua ya 1: Jua upepo unatoka wapi

Upepo mkuu hutoka kaskazini-mashariki, karibu mwaka mzima, na ukali wake huzidi Juni hadi Agosti. Septemba na Oktoba hupungua, na bahari bado ina joto. Mwenye watoto wadogo aende miezi hiyo.

Waliokulia pwani watanielewa nikisema kisiwa kina upande wa joshi, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa nao. Ufukwe maarufu wa kusini-mashariki unaitwa Sotavento, na neno hilo la Kihispania maana yake ni demani hasa. Jina lisikudanganye! Pale kusini kisiwa ni chembamba, upepo hukikata kutoka ng'ambo, hupata kasi na kushuka baharini. Wanaoteleza kwa mbao za tanga hutoka duniani kote kuja kushindana pale. Upepo unaotoka nchi kavu huyalaza maji karibu na ufukwe, ukadhani ni shwari, kumbe unasukuma kila kinachoelea kwenda kilindini. Niliona boya la mtoto, lenye umbo la bata, likiondoka mkononi mwa baba yake. Alipiga hatua nne kulifuata, maji yakamfika kifuani, na bata alikuwa ameshakuwa doa la njano. Alhamdulillahi hapakuwa na mtoto ndani yake. Tangu siku hiyo maboya ya kupulizwa tunayaacha nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua kituo

Uwanja wa ndege uko karibu na mji mkuu, Puerto del Rosario. Corralejo iko kaskazini, Morro Jable iko kusini kabisa, zaidi ya kilomita 80 kutoka uwanjani. Usijidanganye kwamba utakwenda kote kila siku. Mabasi yapo, lakini gari la kukodi ndilo litakalokufikisha Betancuria, mji mkuu wa zamani ulioko mabondeni, na Ajuy kwenye mchanga mweusi na mapango. Ukiegesha, shika mlango kwa mikono miwili kabla ya kuufungua. Upepo unaweza kuupindua kwenye bawaba zake.

Hatua ya 3: Ufukweni, tafuta zoco

Hili ndilo ninalotamani kila mgeni alijue. Kwenye fukwe nyingi utakuta kuta fupi za mawe meusi ya volkano, zimepangwa nusu duara bila saruji, zikiupa upepo mgongo. Wenyeji huziita zoco. Fika asubuhi upate moja. Ukikaa unahisi upepo mkali kichwani tu. Ukilala unapita juu yako, mchanga unaacha kukuchoma miguu, na ghafla unatambua jua lilivyo kali. Mwavuli hapa ni hatari tupu. Wala usihamishe mawe kujijengea zoco mpya.

Kuhusu jua: upepo unapoza ngozi, kwa hiyo huhisi unavyoungua. Sisi weusi nasi tunaungua, mgongo wa mume wangu ulibambuka. Pakeni mafuta ya kukinga jua, tena na tena.

Hatua ya 4: Chakula

Jibini la mbuzi la Majorero, viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda kwenye maji ya chumvi, na mchuzi wa mojo. Samaki aitwaye vieja ni jamaa wa pono wetu. Muagizeni wa kuchoma.

Maswali ya wanachama

*Dada, nina pasi ya Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Viza nahitaji?*
Ndiyo, kaka, ya Schengen. Kibali cha Uingereza hakiingizi mtu Hispania. Anza mapema.

*Watoto wangu wana miaka 3 na 5. Wataogelea wapi?*
Caleta de Fuste, ghuba yake imekingwa. Au El Cotillo, kwenye vidimbwi vilivyozibwa na miamba. Pwani ya magharibi iliyo wazi, kama Cofete, tazameni tu. Mikondo yake ni mikali mno.

*Cofete naweza kwenda na gari la kukodi?*
Soma mkataba kwanza, maana njia ni ya vumbi na bima nyingi hazifuniki njia hizo. Kutoka Morro Jable kuna basi la umma lililotengenezwa kwa barabara mbovu. Sisi tulipanda hilo.

*Mama yangu ana pumu. Vumbi je?*
Zipo siku za kalima, upepo wa Sahara unapoleta vumbi na anga kuwa ya manjano. Siku hiyo abaki ndani, madirisha yafungwe, na dawa yake iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

*Nilifika Sotavento kuona lile ziwa la kwenye picha, nikakuta mchanga mtupu!*
Pole, mpenzi. Ulifika maji yamekupwa. Ziwa lile hujaa maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, kisha uliza hotelini saa ya maji kujaa. Likiwa limejaa, sehemu nyingi maji hayapiti magoti, na ni ya vuguvugu.