Namna ya kurekebisha makala ya supamaketi kwenye Wikipedia, nikiwa dukani kwangu Birere

Nina duka Birere, hapa Goma, mji wa Kongo ulio mpakani na Rwanda. Nauza sukari, mchele, mafuta, sabuni, maziwa ya unga na betri za tochi. Jioni nikishashusha mlango wa chuma hubaki na vitu viwili mkononi, simu na daftari la madeni, na daftari likinichosha nafungua Wikipedia. Aliyenifundisha ni binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo. Mpaka leo akinikuta naandika, kabla hata ya salamu huuliza, "Baba mdogo, chanzo kiko wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Sentensi yangu ya kwanza haikumaliza usiku. Niliandika kwamba tawi la Kigali la Nakumatt, supamaketi ya Kenya, lile lililofunguliwa 2008 katika jengo la biashara la UTC, lilikuwa na wateja wengi kutoka Goma. Nilikuwa mmoja wao! Asubuhi tulivukia kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, tukapanda basi Gisenyi, upande wa Rwanda, na mchana tulikuwa katikati ya Kigali tukisukuma vitoroli kati ya rafu ndefu, kila mmoja na orodha ya vitu alivyoagizwa na mke, shemeji na jirani. Asubuhi iliyofuata sentensi imeondolewa. Aliyeiondoa aliacha maneno mawili: hakuna chanzo. Nilihisi kama mtu anayebishiwa jina lake mwenyewe.

Ikanichukua muda kuelewa. Kwenye kamusi elezo, macho yako si shahidi. Kinachotakiwa ni kile ambacho mtu mwingine, asiye na faida wala hasara katika jambo hilo, amekiandika mahali ambapo msomaji anaweza kwenda kukiangalia. Kwa hiyo kazi ya kuhariri makala ya supamaketi huanza kwenye magazeti. Kitufe cha kuhariri kinakuja baadaye sana.

Kwa kampuni za ukanda wetu, mimi huanza na magazeti ya Nairobi, kwa sababu supamaketi nyingi zenye matawi ya kuvuka mipaka zilizaliwa Kenya: Daily Nation, The Standard, Business Daily, The East African. Kwa tawi la Kigali natazama The New Times. Tovuti ya kampuni yenyewe inafaa kwa mambo makavu, kama makao makuu yako mji gani, lakini kampuni ikijisifu kwamba inaongoza kwa bei nafuu, hayo ni maneno ya mwenye duka. Hata mimi nikiulizwa, duka langu ndilo la kwanza Birere. Kurasa za Facebook ziache kabisa.

Jihadhari na kitu kimoja ambacho wauzaji tunakijua vizuri. Unaweza kukuta magazeti matatu yenye habari moja, aya zilezile, mkurugenzi yuleyule anazungumza peke yake. Hivyo si vyanzo vitatu. Ni gunia moja lililomiminwa katika mabeseni matatu: kampuni ilituma tangazo lake, kila gazeti likaweka kichwa tofauti juu yake. Na kuna hatari ya pili, gazeti lililonakili kutoka Wikipedia yenyewe. Nikiona takwimu gazetini inafanana mno na ya makala, nafungua historia ya ukurasa na kulinganisha tarehe. Kama makala ndiyo ya zamani zaidi, gazeti hilo siwezi kulitumia kuthibitisha makala.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na ninaomba unifuate polepole hapa, maana ndipo makala za maduka zinapoharibikia: wakati wa kitenzi.

Tuseme umekuta sentensi hii: "Nakumatt ina matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania." Siku ilipoandikwa huenda ilikuwa sawa. Ila duka si mlima. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka kampuni chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe. Mtu mwenye haraka atabadilisha "ina" kuwa "ilikuwa na" halafu akalale. Haitoshi. Msomaji atauliza: ilikuwa nayo lini? Yote kwa siku moja? Sentensi nzuri hubeba tarehe yake mgongoni, kama maziwa ya unga yanavyobeba tarehe ya mwisho chini ya kopo. Andika kwamba katika kilele chake kampuni ilikuwa na matawi zaidi ya 60, weka mwaka uliotajwa na chanzo chako, kisha eleza yalivyopungua: msimamizi, mauzo ya matawi, kura ya wadai. Matawi sita ya mwisho yalichukuliwa na Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya, na hilo nalo lina nafasi yake, kwa sababu mtu anayepita leo mbele ya jengo lile anaona jina jingine.

Usichanganye maneno ya mahakamani. Kuwekwa chini ya msimamizi si kufilisika. Kufunga tawi si kufunga kampuni. Kampuni kuondoka nchi moja si kifo chake. Uchumi ya Kenya, iliyoanza 1975, ndiyo mwalimu wangu hapa. Ilifunga milango Juni 2006, na mtu angeweza kuandika usiku uleule kwamba Uchumi "ilikuwa" supamaketi. Mwezi wa Julai ikafunguliwa tena. Mwaka 2015 ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania, huku ya Kenya yakiendelea. Kwa hiyo habari ya kufungwa ikitoka leo, mimi nasubiri. Naandika kilichotokea na tarehe yake, basi. Neno "ilikuwa" la sentensi ya kwanza naliweka mwisho kabisa, vyanzo vikishakubaliana.

Ukishabadilisha sentensi ya kwanza, shuka chini. Watu husahau kile kisanduku cha pembeni chenye nembo, idadi ya matawi na bidhaa. Nimekuta makala ambayo juu inasema kampuni imefungwa, pembeni kisanduku bado kinauza. Angalia pia jamii zilizo mkiani mwa ukurasa, yaani makundi ambamo makala imepangwa.

Kuhusu majina ya matawi, mimi simo katika kundi la wanaopenda orodha. Mitaa arobaini na namba za majengo ni kazi ya kitabu cha simu, na nusu yake huwa imeoza kabla ya mwaka kuisha. Taja tawi lenye sababu: la kwanza, la kwanza kuvuka mpaka, lile lililoandikwa sana. Nakumatt Downtown ya Nairobi iliungua 28 Januari 2009 na watu zaidi ya 20 wakafa. Nakumatt ndilo lililokuwa duka kubwa kuliko yote ndani ya Westgate, jengo la maduka la Nairobi, siku jengo hilo liliposhambuliwa, 21 Septemba 2013. Haya huwezi kuyaruka, na huwezi pia kuyaacha yameze makala yote. Sentensi mbili au tatu zilizopimwa, kiungo kwenda kwenye makala ya tukio lenyewe, na hapo unaendelea. Usiweke neno la kumlaumu mtu ambalo chanzo hakijaweka. Kwa watu walio hai, wenye kampuni au mameneja, sheria za Wikipedia ni kali, na nadhani ni vizuri hivyo: jambo baya lisilo na chanzo imara huondolewa palepale, bila kujadiliwa kwanza.

Jina la kampuni lina utamu wake. Nakumatt ni kifupi cha Nakuru Mattress, yaani biashara ya magodoro ya mji wa Nakuru. Nilipolijua hilo nilicheka, maana jirani yangu hapa Birere alianza na magodoro na leo anauza mpaka mtindi. Mambo ya aina hii msomaji hayasahau. Yatafutie chanzo na uyaweke kwenye aya ya historia.

Sasa vitufe, ambavyo ndivyo vyepesi kuliko vyote. Fungua akaunti kwa jina usilolionea aibu. Jina la duka lako halifai, litaonekana kama tangazo. Gusa Hariri. Kwenye simu napenda kuhariri sehemu moja moja, kwa sababu mega zikiisha katikati ya ukurasa mzima unapoteza yote. Kwa aya ndefu naandika kwanza kwenye noti za simu, kisha nabandika. Chanzo kinawekwa palepale mwisho wa sentensi inayokihitaji. Kuna kitufe chake, au kwa wanaoandika kwenye msimbo wa ukurasa, ni neno ref ndani ya mabano ya pembe, likifungwa kwa mkwaju. Weka jina la gazeti, kichwa cha habari na tarehe. Kiungo kitupu hufa. Tovuti za kampuni zilizofungwa huzimika mapema kuliko taa za maduka yake, hivyo kabla sijaondoka naupitisha ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo hutunza nakala. Mara nyingi nakala ya zamani tayari iko humo.

Kabla ya kuchapisha, kuna mstari wa muhtasari. Jaza. "Nimebadilisha wakati wa kitenzi, nimeongeza chanzo cha 2020" inatosha. Anayekagua mabadiliko usiku, akiona mstari mtupu na akaunti mpya, mkono wake huenda haraka kwenye kitufe cha kurudisha ukurasa ulivyokuwa.

Ukirudishwa, usirudishe tena kwa hasira. Nenda ukurasa wa majadiliano, eleza, subiri. Mimi nilirudisha sentensi yangu ya wateja wa Goma mara mbili usiku mmoja, na binti yule akaninyang'anya simu.

Picha ni hadithi fupi: ile uliyoipata kwa kutafuta mtandaoni si yako. Uliyopiga mwenyewe unaweza kuipandisha Wikimedia Commons kwa leseni huru. Nembo ya kampuni ina wenyewe, iache.

Limebaki jambo la bosi mmoja. Ana alimantasio, yaani duka la vyakula, kubwa hapa mjini, yenye friji za nyama na jibini za nje. Alisikia kwamba mimi "naandika Wikipedia" akaja mpaka dukani, akakaa juu ya gunia la mchele kama mgeni wa kawaida.

"Mzee, na mimi niandikie ukurasa wangu. Nitakuletea katoni mbili za maziwa."

"Mkubwa, ni gazeti gani limeandika habari za duka lako?"

"Gazeti la nini? Watu wote wa Goma wananijua."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi. Kampuni hupata makala ikiwa vyanzo kadhaa vya kujitegemea vimeiandika kwa kina, na kuwa maarufu mtaani hakuhesabiki. Na anayelipwa, hata kwa maziwa, anatakiwa kutangaza hadharani nani anamlipa. Hilo limo katika masharti ya matumizi tangu 2014. Aliye na maslahi haigusi makala moja kwa moja: anapendekeza marekebisho kwenye majadiliano, wengine wanaamua. Nikamwambia pia kwamba mimi ni mshindani wake kwenye sukari, hivyo hata bila katoni sifai. Akacheka, akanunua sabuni, akaondoka. Sijui kama alinisamehe.

Sentensi yangu ya Kigali bado haimo. Nimeiacha kwenye ukurasa wa majadiliano, na ombi chini yake: aliye na gazeti la miaka ile lililotaja wanunuzi kutoka Goma aweke kichwa na tarehe. Kila baada ya wiki kadhaa natazama kama kuna aliyejibu. Jana nilifungua tena, hakuna kitu, nikarudi kwenye makala nyingine ambayo kisanduku chake cha pembeni kina mkurugenzi aliyekwishaondoka.