Namna ya Kupika Maharagwe ya Fava kwa Manufaa ya Afya

Maharagwe ya fava, ambayo wengi nchini Uganda tumeyajua kwa jina la fuli kupitia watu wa Sudan na mikahawa ya Waeritrea na Waethiopia ya Kabalagala na Kansanga, ni chakula cha kale katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Wamisri huyala asubuhi. Wamoroko huyasaga yakawa supu nzito iitwayo bisara. Na watu wa Puglia, kusini mwa Italia, huyaponda na kuyala pamoja na mboga chungu za majani.

Kabla ya kubandika sufuria, kuna jambo lisilopaswa kupuuzwa. Watu waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, hali inayopatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, yakiwemo ya kwetu, huweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu wakila fava, na kupika hakuiondoi hatari hiyo. Dalili zake ni uchovu wa ghafla, macho ya manjano na mkojo mweusi. Anayeziona awahi hospitali bila kuchelewa. Ikiwa katika ukoo wenu yuko aliyewahi kudhurika kwa fava au kwa dawa ya malaria iitwayo primakwini, pimeni kwanza, hasa watoto wa kiume. Anayetumia dawa za ugonjwa wa Parkinson naye amwulize daktari, kwa kuwa fava zina levodopa ya asili, kemikali ileile iliyomo katika dawa za ugonjwa huo.

Chagua nusu kilo ya fava kavu ndogo zenye ganda, uzioshe, uziloweke usiku kucha katika maji mengi, kisha umwage maji hayo. Zifunike kwa maji mapya yanayozidi kimo chake kwa vidole vitatu, zichemke, halafu punguza makaa ya sigiri na uziache zitokote polepole kwa saa mbili hadi nne, ukiongeza maji ya moto kila yanapopungua, mpaka punje ibonyee kwa vidole bila kushindana. Zilizomenywa na kupasuliwa huiva kwa muda wa saa moja hivi. Wapo wanaotia magadi ili ziive upesi, lakini mimi siungi mkono, kwani magadi huharibu sehemu ya vitamini B. Subira ni bora zaidi.

Chumvi itiwe mwishoni. Ponda nusu ya punje ndani ya mchuzi wake, tia kitunguu saumu kilichotwangwa, jira, maji ya ndimu mbili na mafuta ya zeituni. Mafuta haya ni ghali kwetu, hivyo kijiko kimoja kwa kila sahani chatosha, na simsim iliyosagwa hufaa sana kuongeza utamu. Ndimu usiiache, maana vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Gramu 100 za fava zilizopikwa hutoa takriban gramu 7 za protini na gramu 5 za nyuzinyuzi, pamoja na folati kwa wingi.

Badala ya mboga chungu za Puglia, chemsha nakati au mgagani, ambao wengi huuita jobyo, uzipange kando ya fava, na ule kwa chapati moja au kiazi kitamu. Asiyezoea aanze na kikombe nusu, tumbo lisijae gesi. Kinachobaki kihifadhiwe kwenye friji, na kesho yake kiongezwe maji, kisagwe na kupashwa moto kiwe bisara.