Unaanza homoni? Soma damu yako kwanza, kioo baadae

Mi ni mwanamke transi, yaani nilipozaliwa walisema ni mvulana ila mi ni mwanamke, nipo mwaka wa nne kwenye homoni za kike, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "matiti yanaanza lini dada". Tutafika huko, tulia kwanza, maana haraka hiyo hiyo ndo iliniponza.

Kabla hujameza chochote amua kuhusu watoto. Homoni zinashusha mbegu na hakuna wa kukuhakikishia kwamba ukiacha zitarudi, kwahiyo kama unahisi hata kidogo kua siku moja utataka mtoto wa damu yako uliza habari za kugandisha mbegu sasa hivi, sio baada ya miezi sita. Mi nilijifanya sijali, leo nikimbeba mtoto wa dada angu kuna kitu kinanikaba koo. Afu pima damu ya mwanzo, ini, figo, potasiamu, testosteroni (homoni ya kiume) na estradioli (homoni ya kike), andika namba zote kwenye daftari, bila hizo baadae utalinganisha na nini?

Wengi tunapewa dawa mbili, estradioli (hii ndo estrojeni yenyewe) na nyingine ya kuzuia testosteroni. Kama hiyo ya kuzuia ni spironolaktoni jiandae kukojoa bana, mi ya kwanza niliimeza wakati wa kulala nikaamka mara tano. Inaweza pia kupandisha potasiamu, ndo maana ile damu inapimwa. Na tafadhali usije ukafakamia vidonge vya majira eti si estrojeni ile ile, sio ile ile, ile iliyo kwenye vingi vya hivyo vidonge inagandisha damu zaidi. Sigara nayo acha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, usingoje kukuche, nenda hospitali usiku huo huo.

Sasa vipimo, hapa ndo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza unapima kama kila miezi 3, ukishatulia mara 1 au 2 kwa mwaka. Madokta wengi wanataka testosteroni iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita na estradioli icheze kati ya pikogramu 100 na 200 kwa mililita. Mi nilikua natumia jeli, ile ya kupaka, na asubuhi ya kipimo nikajipaka mkono wa kushoto vizuri tu, kufika maabara nikanyoosha mkono ule ule wakatoa damu pale pale. Majibu yakaja estradioli iko juu mbinguni, dozi ikapunguzwa, wiki kadhaa nikawa na joto la ghafla na kulia lia bila sababu, kumbe sindano ilipita kwenye dawa iliyokua juu ya ngozi! Kwahiyo kama unatumia jeli toa damu mkono ambao hujaupaka, na kwenye daftari andika dozi ya mwisho uliitumia saa ngapi, dokta atakuuliza tu.

Haya, matiti. Kwa wengi yanaanza kati ya mwezi wa 3 na wa 6, unasikia kitu kigumu kama kifungo cha shati nyuma ya chuchu na kinauma kweli, mi nilijigonga na kona ya kabati machozi yakanitoka afu nikaanza kucheka peke yangu. Kukua kwenyewe kunachukua miaka 2 hadi 3, na kudabo dozi hakukimbizi chochote, nilijaribu mwezi wa tano kwa siri, nilichopata ni kichwa kuuma na aibu mbele ya dokta.

Sauti haibadiliki na homoni, hata tone, ile ni mazoezi kila siku. Ndevu pia hazing'oki, leza inasaidia zile nyeusi ila nyeupe haizioni, hizo ni elektrolisisi, kuchoma mizizi kwa umeme unywele mmoja mmoja, na inauma usidanganywe.

Upasuaji sio lazima, wapo wasioutaka kabisa na ni wanawake kamili. Ila kama unawaza wa chini, yaani wa kutengeneza uke, muulize mapema daktari wa upasuaji nywele za sehemu gani zitolewe kabla, hiyo kazi peke yake inakula miezi mingi, na baada ya hapo kuna kuupanua uke kwa kifaa mara kadhaa kwa siku ili usizibe, miezi ya mwanzo huruki hata siku moja. Mi bado niko kwenye hizo nywele, nimebakiza kama nusu.