Kujipodoa mwenyewe kabla ya kupigwa picha studioni

Nafanya kazi katika studio ndogo ya picha katikati ya Nairobi. Mimi ndiye ninayempokea mteja, kumwonyesha kioo na kumwekea kiti mbele ya taa. Wengi huja kupiga picha za kazi au za mahafali, na walio wengi wamejipodoa wenyewe nyumbani. Tatizo ninaloliona kila mara ni moja: uso umekuwa mweupe, shingo na masikio yamebaki na rangi yake. Kioo cha bafuni hakikuonyesha, ila kamera inaonyesha. Naamini kabisa huhitaji kumlipa mtu akupodoe kwa picha ya kawaida, mradi ujipake kwa ajili ya kamera.

Faundesheni, ile rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, ndiyo ya kuhangaikia kuliko vyote. Usiijaribu mgongoni mwa mkono, kwa sababu mkono una rangi yake na uso una yake. Chora mistari miwili mitatu ya rangi zinazokaribiana, kutoka kwenye taya kushuka shingoni. Ukiwa unanunua kwenye maduka ya vipodozi ya barabara ya Dubois hapa mjini, toka nje mpaka barabarani ujitazame juani, maana taa nyeupe za ndani hudanganya. Kisha subiri kama dakika kumi, kwani faundesheni nyingi hukolea baada ya kukaa kwenye ngozi. Ule mstari unaopotea usionekane ndio wako. Muuzaji akikuhimiza uchukue inayong'arisha, mkatalie kwa upole. Na ikiwa paji lako ni jeusi kuliko mashavu, kama ilivyo kwa wengi wetu, tumia rangi mbili, kila moja mahali pake.

Sasa geuza chupa usome maandishi ya nyuma. Bidhaa yenye kinga ya jua aina ya zinki oksaidi au titani dioksaidi hurudisha mwanga wa flashi, na uso hutoka kama umepakwa majivu. Ile poda nyeupe ya silika, inayosemekana haionekani usoni, hufanya vivyo hivyo ukiipaka nyingi. Kinga ya jua ni muhimu, itumie siku nyingine zote, lakini siku ya studio chagua faundesheni isiyo nayo. Kuna jaribio dogo ambalo ningependa kila mtu alifanye siku moja kabla: jipake kila kitu, zima taa ya chumbani, umpe mtu simu akupige picha kwa flashi. Tazama chini ya macho, pembeni mwa pua na pale taya inapokutana na shingo. Flashi ya simu hupiga uso moja kwa moja, wakati taa za studio huwekwa pembeni na kufunikwa kwa kitambaa au mwavuli. Rangi ikipita kwa simu, studioni haitakusumbua.

Jaribio hilo ni la rangi tu. Usilitumie kuhukumu umbo la uso, hasa ukijipiga mwenyewe. Simu iliyo karibu hukuza pua, na watu huishia kujichora mistari ya kahawia kando ya pua kutibu kitu ambacho hakipo. Mpiga picha atasimama mbali kidogo na kutumia lenzi ndefu, kwa hiyo pua yako itatoka ilivyo.

Siku yenyewe, kaa umeelekea dirisha. Balbu ya manjano itakufanya uzidishe rangi bila kujua. Nawa uso, paka losheni nyepesi, uiache iingie. Mafuta ya mgando kama Arimis yanafaa visigino na viwiko. Chini ya faundesheni yataitelezesha yote kabla matatu haijafika mjini. Lowesha sponji, ikamue vizuri, kisha gonga gonga rangi usoni bila kuisugua. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene. Konsila, yaani rangi nzito ya kufichia madoa, iende penye doa na chini ya macho tu, na poda kwenye paji, pua na kidevu.

Taa laini za studio hufifisha vivuli vya uso, kwa hiyo rangi ya mashavu iwe imekolea kidogo kuliko unayopaka ukienda kanisani. Nyusi zijaze kwa kahawia iliyokolea badala ya nyeusi tii, kwa vistari vifupi vinavyofuata unywele unavyoota, halafu zichane kwa brashi safi. Epuka rangi za macho zenye kumeremeta. Kila chembe hutokea kama doa jeupe kwenye kope. Kwa mdomo, zungushia penseli ya kahawia kwanza ndipo upake lipstiki.

Vaa shati la picha kabla ya kuanza, ujifunge leso mabegani. Blauzi inayovuliwa kupitia kichwani huondoka na nusu ya kazi yako.

Kama picha ni za nje, tuseme kwenye bustani ya Arboretum au msitu wa Karura, omba saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana jua la Nairobi huwa utosini, likatia vivuli vyeusi chini ya macho ambavyo konsila haiwezi kuviondoa. Julai, kukiwa na mawingu na baridi, mwanga ni mzuri siku nzima, ila ngozi hukauka. Ongeza losheni, punguza poda.

Fika mapema kidogo ili jasho la njiani likauke. Bonyeza tishu usoni kwanza ndipo uongeze poda, kwa sababu poda juu ya jasho hugeuka uji. Beba lipstiki, tishu na kioo kidogo. Ukishapigwa picha ya kwanza, omba ikuzwe kwenye kompyuta na ukague meno, kola na mstari wa nywele. Hakuna mpiga picha mzuri atakayekukasirikia kwa hilo, kwani doa la lipstiki kwenye jino hupanguswa kwa sekunde chache, na kulifuta baadaye kwenye kila picha ni kazi ya jioni nzima.